RAV4 Iliyonyooshwa Shasi, na Lawama Zilizofika Alunguli

Lawama zilivuka bahari zikatua Kindu, mkoani Maniema, Kongo, kabla mwenye kulaumiwa hajazisikia. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, mjomba mmoja wa Alunguli, mtaa wa mji huohuo, alituma ujumbe mrefu wa sauti akiuliza ni malezi gani hayo, mtu kumuuzia ndugu yake gari lililovunjika mgongo.

Mwenye kulaumiwa ni mwandishi wa makala haya. Gari ni Toyota RAV4 lililogongwa mbele, likatengenezwa shasi, likapakwa rangi, kisha likatembea bila matata mjini Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani, hadi lilipouzwa kwa Mkongo mwenzake. Mnunuzi aliambiwa. Alimulikiwa kwa tochi mahali penyewe palipochomelewa, akapunguziwa bei, na hati aliyotia sahihi ilikuwa na neno “rebuilt”. Kelele zilianza pale alipotaka bima ya kulipia gari lenyewe na kampuni ikamkatalia.

Basi ni haki wazee wa ukoo waelezwe mambo ya huku, maana yanahitaji subira.

Kentucky, gari likigongwa, kinachoanza ni hesabu. Gharama ya matengenezo ikizidi asilimia 75 ya bei ya gari sokoni, hati yake hubadilishwa na kuwa ya “salvage”, yaani gari lililohesabiwa kuwa hasara. Likitengenezwa na kurudi barabarani, hupewa hati ya “rebuilt”, na neno hilo hulifuata gari kila linapobadilisha mikono.

Sasa tazama hesabu hiyo inavyomwangukia mnyonge. Gari la dola 4,000 hufika kwenye mpaka huo kwa dola 3,000 tu: mlango, taa, bampa, rangi, na saa za fundi, ambaye huku halipwi kidogo. Pikapu ya dola 40,000 lazima ile dola 30,000 ndipo ihesabiwe hivyo. Kwa hiyo pikapu ya tajiri inaweza kukatwa shasi na kuchomelewa upya, na bado ikabaki na hati safi, wakati gari la mfanyakazi wa zamu ya usiku linaharibiwa jina kwa sababu ya mlango na taa.

Tena Kentucky haina ukaguzi wa usalama wa magari wa kila mwaka. Wanaandika karatasi kwa bidii, ila chini ya gari hawachungulii. Ubelgiji, walikohamia wengine wa ukoo, gari likishafikisha miaka minne huanza kupelekwa kukaguliwa mara kwa mara, na ajali ikigusa shasi, usukani au breki, gari hurudi kupimwa upya. Wabelgiji wana makosa yao, na historia yao Maniema inajulikana, lakini chuma wanakitazama.

Kuna jingine. Kwenye minada ambako wauza magari wa Marekani huuziana wao kwa wao, shasi iliyoumia hutangazwa. Mnunuzi wa mwisho hasikii tangazo hilo. Yeye hukuta dirishani karatasi iitwayo “Buyers Guide”, ambayo shirika la serikali, FTC, hulazimisha wauza magari yaliyotumika kuibandika, na mara nyingi kisanduku kilichotiwa alama ni cha “As Is”: ukishanunua, umenunua. Biashara ikifanyika kwa Kihispania, karatasi lazima iwepo kwa Kihispania. Kiswahili bado.

Fundi wa Kindu hana haja ya kuelezwa. Kila msomaji ana fundi wake. Ila wazee wanapoifananisha RAV4 na Land Cruiser, wanachanganya mambo mawili. Land Cruiser zile ngumu za mashirika zina shasi ya peke yake, na bodi imekalishwa juu yake. RAV4 haina shasi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo shasi. Mbele kuna mihimili miwili iliyotengenezwa ijikunje, ili kishindo kisifike kwa dereva. Ukijikunja vibaya, mhimili hukatwa na kuwekwa mwingine. Haupashwi moto ukapigwa nyundo, kwa sababu vyuma vya nguvu vya siku hizi hulegea kwa joto.

Gari linalosemwa liliwekwa mhimili mpya wa kushoto. Fundi mmoja Mkongo alivuta kamba chini yake pembe kwa pembe, kutoka boliti ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake, na vipimo vikalingana. Gereji ya Wamarekani ikapima tena kwa mashine na kutoa karatasi ya milimita. Matairi yalilika sawasawa pande zote. Huo ndio mgongo uliovunjika.

Wajapani wana utaratibu wenye akili zaidi: mnadani kwao, gari lililotengenezwa nguzo, mhimili au sakafu hupewa daraja la R au RA, na milango au boneti iliyobadilishwa kwa boliti haihesabiwi. Bahati mbaya karatasi hiyo mara nyingi hupotea njiani, sembuse kufika Kindu.

Walioharibu mambo zaidi ni watoto. Binti ndiye msomaji wa barua zote za nyumba hii, na hati ilipofika aliisoma kwa sauti, kisha akauliza: “Papa, gari lilikufa likafufuka?” Swali hilo lilikwenda naye kanisani. Kaka yake akawa anaomba ashushwe kona moja kabla ya shule. Alipokumbushwa kwamba babu yake alivuka Lualaba kwa mtumbwi kwenda kusoma, alijibu kwamba mtumbwi hauna VIN, ile namba ya utambulisho wa gari. Kijana huyohuyo sasa anataka Mustang ya mnada wa Copart, iliyokunjamana, kwa sababu YouTube imemwonyesha jinsi ya kuinyoosha. Mama yake amemwambia aanze na kunyoosha kitanda chake.

Mnunuzi, kwa taarifa ya ukoo, bima ya lazima anayo na gari linampeleka kazini kila siku. Anayetaka kununua gari la hati kama hii, apigie kwanza kampuni ya bima, ataje VIN, aulize watamkubalia nini, ndipo atoe dola zake. Na mjomba wa Alunguli anaombwa autume ujumbe huu kwenye kundi lilelile.