Kabla ya Kuokota, Tazama Juu

Wajukuu zangu, sogeeni. Mvua za mwanzo zikishalowesha misitu ya miombo kule Tabora, ardhi ya chini ya miti hubadilika kwa siku chache tu. Juzi palikuwa na majani makavu matupu. Leo matunda yamedondoka na uyoga umechomoza, wa manjano, mweupe, mwekundu. Mtoto mwenye macho hapiti asiiname. Inameni, sikatazi. Ninachowaomba ni hiki: mkikuta kitu msichokijua, chunguzeni kwanza kilichokizunguka, yaani mti ulio juu yake na udongo ulio chini yake.

Tuanze na makusu. Tunda la mkusu ni la duara, upana wa sentimita 3 hivi, kahawia yenye unjano, na nyama yake tamu huzunguka mbegu 3 au 4 ngumu. Likiwa peke yake kiganjani, lafanana na matunda mengine. Basi inueni uso. Mkusu una majani mapana na mazito, yaliyokusanyika mwishoni mwa vitawi. Msipoyaona, tunda hilo huenda limeletwa na mnyama, maji au mtu, na bado hamjajua ni nini. Wala msishangae kukuta mkusu mkubwa, wenye afya, usio na tunda hata moja chini yake. Mikusu ipo ya kiume na ya kike, kila mmoja mti wake, na wa kike ndio uzaao.

Mtonga nao hujulikana kwa jani. Mishipa 3 au 5 huanzia karibu na kikonyo na kukimbia pamoja kuelekea nchani. Tunda lake lina ganda gumu, watu hulipasua kwa jiwe, wakala nyama na kuzitema mbegu. Mbegu hizo msizitafune kabisa! Ukoo wa mtonga una jamaa wabaya: mmoja wao, uotao India, hutoa striknini, sumu iliyotumika sana kuulia panya. Kwa hiyo jani lile litawaonyesha ukoo, lakini halitawaambia ni ndugu yupi. Hapo mtafuteni mzee wa palepale, aliyekua akila matunda ya miti hiyo.

Mtasikia watu wakisema, “Mbona nyani amekula?” Tumbo la nyani si lenu, na ndege humeza mbegu za sumu zikatoka nzima bila kumdhuru. Ulimi pia hudanganya. Mbegu za mbono kaburi, ule unaopandwa kuwa ua, zina ladha nzuri kinywani, na watoto waliozitafuna wametapika na kuharisha hadi kulazwa.

Pengine mtaokota jani lenye kitufe cha mviringo, mkadhani ni tunda. Kipasueni kwa kisu. Tunda litakuwa na mbegu. Mkikuta funza badala yake, hicho ni kivimbe ambacho mti umekiota kwa sababu ya mdudu aliyetaga humo. Mimi navipenda mno vivimbe hivi: mdudu mdogo kaufanya mti mzima umjengee nyumba.

Sasa uyoga, na hapa nataka mtulie. Ule mnaouona ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizosambaa ardhini. Aina nyingi za uyoga wa miombo zimejifunga kwenye mizizi ya miti kama mitundu na mikusu: zinaipa miti maji na madini, nayo inazipa sukari. Nyingine hazina haja na mti. Uyoga wa kichuguuni shina lake hushuka chini hadi kwenye bustani ambayo mchwa wameilima wenyewe, na Zambia kuna aina ambayo kofia yake hufika mita 1.

Ndiyo maana uyoga msioujua msiukate juujuu. Uchimbueni mzima. Uyoga mwingi wa jamii iitwayo amanita una kifuko kwenye kitako cha shina, kimefichwa udongoni. Ukikata kwa kisu, kifuko kinabaki na ushahidi umeuacha nyuma. Katika jamii hiyo upo uyoga unaopendwa sana na walaji wa miombo, na upo unaoua. Mgeni hawezi kuutofautisha kwa kutazama picha. Wengi waliodhurika Ulaya na Marekani walikuwa wahamiaji walioona uyoga unaofanana na wa kwao. Na yule atakayewaambia mchemshe na kijiko cha fedha au kitunguu saumu, kisipogeuka rangi mle, msimsikilize. Sumu ya amanita haionyeshwi na kijiko, na moto hauiondoi.

Mwenzenu akila kitu cha mashaka, mwambieni mtu mzima papo hapo, msiogope kugombezwa. Bebeni mabaki, pamoja na jani la mti na udongo wa shinani, mwende navyo hospitali. Sumu ile mbaya ya uyoga hukaa kimya saa 6 hadi 24 kabla ya kutapisha, kisha mgonjwa hupata nafuu kwa muda huku ini likizidi kuharibika. Akisema amepona, msirudi naye nyumbani mpaka daktari aseme.