Kiti cha Mtoto Mkimbizi Darasani

Nawasalimu mlio nyumbani Bunia, nanyi mlio katika kambi ya Kigonze na makambi mengine ya Djugu, Irumu na Mahagi. Nawasalimu pia wazee wetu, machefu wa kartie na wa grupema, na marais wa makambi, kwa sababu maneno ya leo yanawahusu ninyi kuliko wengine.

Swali tunalokutana nalo makambini ni hili: mtoto aliyekimbia vita, asiye na buletini wala cheti cha kuzaliwa, ana haki ya kuingia shuleni hapa mjini? Na kama anayo, nani atalipa?

Tuanze na sheria. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Shikeni maneno hayo mawili. «Lazima» inamfunga mzazi, na «bure» inaifunga serikali. Lakini kwa muda wa miaka 13 maneno hayo yalikaa kwenye karatasi tu. Sababu yake wazazi wenye umri wanaijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Zaire, walimu waligoma kwa kukosa mshahara, na wazazi wakakubali kuwachangia ili shule zisifungwe. Ilikuwa iwe kwa muda. Ikawa desturi, na sehemu ya makuta hayo ikawa inapanda hadi maofisini. Ni mwezi wa tisa 2019 ndipo serikali ilipoamuru malipo yakome katika shule za msingi za umma.

Shule ya umma maana yake nini? Siyo ile ya serikali peke yake. Shule za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na za Waislamu zinazofanya kazi kwa mapatano na serikali, zile tunazoziita konvansione, nazo ni za umma. Shule ya mtu binafsi siyo. Na sekondari ina malipo yake, ambayo hupangwa kila mwaka kwa amri ya gavana wa jimbo. Mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe amri hiyo. Kinachodaiwa nje yake, aulize kinatoka wapi.

Najua mtaniambia: mwalimu wa mtoto wangu hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara, naye ana watoto. Ni kweli, wako walimu wanaofundisha miaka bila kulipwa, na ni aibu kwa taifa. Lakini deni lake liko kwa serikali, haliko kwa mtoto wa miaka 7. Wazazi wakitaka kumsaidia kwa mahindi au kwa kumlimia shamba, hiyo ni huruma yao, na huruma haiandikwi kwenye daftari la madeni wala haimtoi mtoto darasani.

Sasa tuje kwenye karatasi. Katiba haikusema «mtoto mwenye buletini». Mtu aliyetoka mbio usiku huko Djugu, amebeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, hakurudi kutafuta buletini. Kwa hiyo direkta wa shule afanye nini? Ampe mtoto mtihani mdogo wa kusoma na kuhesabu, aone anastahili darasa la ngapi. Aulize walimu waliokimbia pamoja naye, maana shule nyingi za vijijini zilihama na walimu wao, na mwalimu hasahau wanafunzi wake. Kuhusu cheti cha kuzaliwa, sheria inampa mzazi siku 90 kuandikisha mtoto. Zikipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama ya watoto. Kazi hiyo ichukue muda wake, lakini mtoto awe anasoma wakati inaendelea.

Labda mzee mmoja anajiuliza kwa nini kipindi cha amani kinazungumza juu ya buletini. Mzee wangu, vita vya Ituri vilikuwa na mzizi mmoja ndani ya darasa. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliwapendelea Wahema kuliko Walendu kwa masomo na kwa kazi za ofisi. Mwaka 1973 Mobutu alipoamuru mashamba ya wageni yachukuliwe na Wazaire, waliosoma na kujua milango ya maofisi ndio waliopata mengi. Mwaka huohuo ilitoka sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai. Nayo inasema kwamba cheti cha ardhi kikishaandikwa na miaka 2 ikapita bila mtu kukipinga, hakiwezi tena kushambuliwa.

Fikirini basi mkulima wa Djugu asiyejua kusoma. Cheti kimeandikwa kwa Kifaransa, kimewekwa ofisini mjini. Miaka miwili inapita yeye analima, anapanda, anavuna, hajui lolote. Siku anapoambiwa aondoke ndipo anaposikia kwamba muda wa kulalamika ulikwisha. Akishindwa kwa karatasi, atatafuta kitu kingine cha kujibu nacho. Mwaka 1999 ugomvi wa mipaka ya konsesio huko Walendu-Pitsi ukawa moto, silaha za wageni zikaukolezea, na makumi ya maelfu ya ndugu zetu wakafa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila Mhema alisoma na kila Mlendu alinyimwa. Wahema wengi walikuwa wafugaji na wakulima wa kawaida, nao waliuawa na kukimbia kama wengine. Tena huko Djugu Wahema wa kaskazini wanazungumza Kilendu. Watu wa lugha moja, soko moja! Ninachosema ni kwamba upande mmoja ukijua kusoma karatasi na mwingine usijue, hata sheria nzuri inageuka kuwa mtego.

Ndiyo maana naogopa mgawanyiko mpya, wa watoto waliokaa darasani na watoto waliokaa kambini. Mtoto aliyekuwa na miaka 6 Djugu ilipowaka tena Desemba 2017, na ambaye hakusoma tangu hapo, leo ni kijana mwenye nguvu. Wenye silaha wanamjua kuliko sisi. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga miaka 14 kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Sheria yetu wenyewe ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto ni kali zaidi: inamlinda hadi miaka 18, na anayemwingiza katika kikundi cha silaha anastahili kifungo cha miaka 10 hadi 20. Chefu anayefumba macho ajue hilo.

Na silaha zisikae shuleni. Kumbukeni Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji walikishambulia kijiji hicho. Kambi ya askari wa UPC ilikuwa kwenye Institute, yaani shule yenyewe. Raia walikimbilia humo humo, na wengi wakauawa humo. Germain Katanga alihukumiwa mwaka 2014 kwa shambulio hilo. Mwaka 2017 majaji walipopanga fidia kwa wahanga 297, waliweka ndani yake msaada wa masomo, pamoja na nyumba na kazi za kuleta kipato. Darasa lilihesabiwa kati ya vitu ambavyo mtu aliyepoteza yote anapaswa kurudishiwa.

Wazazi wa mjini, nasikia malalamiko yenu: madarasa yamejaa, watoto wanne wanabanana kwenye benchi moja. Ni kweli. Dawa yake ni zamu mbili, asubuhi na mchana, na walimu wakimbizi waliopo kambini wapewe zamu ya pili. Mtoto asiye na nguo za buluu na nyeupe aingie na alizonazo.

Kwa marais wa makambi na machefu, kazi ni hii. Kabla ya mwezi wa tisa andikeni orodha ya watoto wote wa miaka 6 na kuendelea, wasichana wasiachwe nyuma kwa sababu ya kuteka maji. Andikeni darasa la mwisho la kila mmoja na kijiji alikotoka; kabila halihitajiki. Nakala moja ibaki kwenu, nyingine mpelekee direkta mkiwa na komite ya wazazi. Akimkataa mtoto, andikeni tarehe, jina la shule na sababu aliyoitoa, mpeleke barua hiyo kwenye ofisi ya serikali inayosimamia elimu, na mdai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.