Sikio la mtoto linapotoa usaha

Katika makanisa yetu kuna watoto wanaoitwa wakaidi kwa sababu hawaitikii wanapoitwa. Wengine wao hawasikii vizuri: sikio liliuma, halikutunzwa. Tueleze jinsi inavyotokea.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa. Mrija mwembamba unakiunganisha na koo, nyuma ya pua. Kwa mtoto mdogo mrija huo ni mfupi na umelala. Akipata mafua, vijidudu hupanda kwa urahisi mpaka sikioni.

Mungu ametuwekea walinzi mwilini. Chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali hapo na kupigana na vijidudu. Mapigano hayo ndiyo huleta homa, uvimbe na maumivu. Usaha ni mabaki ya vita: vijidudu na chembe zilizokufa. Mara nyingi mwili hushinda.

Lakini sisi wa mashariki tunajua kwamba vita vikikawia, hata nyumba inayolindwa hubomoka. Uvimbe huziba mrija, maji hubaki ndani kwa majuma, na mtoto husikia kwa shida. Ngoma ya sikio inaweza kutoboka. Usaha ukitoka zaidi ya majuma mawili, ugonjwa unaelekea kuwa wa kudumu.

Basi tufanye nini? Tusitie sikioni mafuta, maziwa wala maji ya majani. Tufute usaha kwa kitambaa safi na kikavu, kisha tumpeleke mtoto kituo cha afya. Akivimba nyuma ya sikio, shingo ikikakamaa au akipata degedege, tusingoje kesho.

Tunaweza pia kuwasaidia walinzi hao mapema. Maziwa ya mama humpa mtoto kinga. Moshi wa jiko na wa sigara huidhoofisha. Chanjo ya nimonia, inayotolewa nchini mwetu tangu 2011 katika juma la 6, la 10 na la 14, hufundisha mwili kutambua kijidudu kimoja kati ya vile vinavyoshambulia sikio.

Kumwombea mtoto na kumpeleka kwa muganga ni mambo yanayokwenda pamoja. Jumapili hii, mwalimu wa watoto akimwona asiyeitikia, asimkemee kwanza. Amwulize mama yake: sikio la mtoto limewahi kutoa usaha?