Utangulizi: Kasi ya Bunduki za Boliti

Wengi huingia katika somo hili na swali moja: askari wa zamani, mwenye bunduki ya kukoki kwa mkono kila mpigo, aliweza kupiga risasi ngapi kwa dakika? Swali ni zuri na nitalijibu. Nakuomba tu uliambatanishe na jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka: risasi hizo zilimfikiaje?

Ukiwa Bomani, Tarime, uko mahali pazuri pa kuuliza hayo. Magharibi yako, ufukweni mwa ziwa, kuna Shirati, kituo cha Wajerumani ambacho Waingereza walikiteka Januari 1915. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kuna Kisii, ambako Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilipigana na King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya na ambalo baadaye Wakurya wengi walilitumikia. Historia hii imepita mlangoni petu.

Tuanze na risasi yenyewe, maana hapo ndipo wageni wengi hujikwaa. Kile tunachokiita risasi ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja: ganda la shaba, fataki, yaani kidonge kidogo kitakoni mwa ganda kinacholipuka kikigongwa, baruti, na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Gobore halina ganda. Mpigaji humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akashindilia, akaweka fataki, ndipo alenge. Hata mkono uliozoea hutumia sekunde 20 au zaidi kwa mpigo mmoja. Ganda liliifuta kazi hiyo yote.

Ganda likaleta boliti: chuma cha mviringo chenye mkono pembeni, kinachoziba nyuma ya mtutu kama komeo la mlango. Fuatilia polepole. Unainua mkono wake na boliti inafunguka. Unavuta nyuma, ganda tupu linarushwa nje. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapolala. Unashusha mkono, mlango umefungwa. Mwendo huo wa hatua nne ndio msingi wa yote yatakayofuata, kwa hiyo usione aibu kuurudia hewani kwa mkono mtupu hadi ukukae.

Lakini boliti pekee haikutosha. Vita vilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Wajerumani bado zilikuwa na Mauser ya 1871, yenye boliti bila magazini, yaani bila kisanduku cha kuhifadhi risasi chini ya boliti. Kila risasi ilitolewa mfukoni na kutiwa kwa vidole. Tena baruti yake ilikuwa nyeusi, yenye moshi mzito. Hata mkono ukiwa mwepesi, jicho lilisubiri moshi upungue, na wingu hilo lilimwonyesha adui mahali pa kulenga.

Mauser ya 1898 ilikuwa na magazini ya risasi 5, na Lee-Enfield ya Waingereza magazini ya risasi 10. Zote mbili zilijazwa kwa klipu, kibanio chembamba cha chuma kinachoshika risasi 5 kwa vitako vyake. Usiichanganye na magazini: klipu inabaki nje. Askari huisimamisha juu ya boliti iliyo wazi, dole gumba likisukuma mara moja risasi zote 5 zinazama. Binafsi naona kibanio hicho kidogo kilibadili vita kuliko mtutu wowote.

Kati ya hizo mbili, Lee-Enfield ilikuwa nyepesi zaidi mkononi. Mkono wa boliti yake huinuliwa nyuzi 60, wa Mauser nyuzi 90, na safari yake ya nyuma ni fupi. Mpigaji aliyefunzwa aliukoki bila kuondoa kitako begani wala jicho kwenye shabaha. Kipimo cha Waingereza kabla ya vita kilikuwa risasi 15 zilizolengwa kwa dakika moja, shabaha ikiwa mita 270 hivi. Ni sekunde 4 kwa kila risasi, na kwa kuwa magazini ni ya risasi 10, muda wa kujaza upya umo humohumo.

Sasa lile swali la pili. Risasi moja ya Lee-Enfield ina uzito wa gramu 25 hivi. Askari 100 wakipiga kwa kasi hiyo humaliza risasi 1,500 kwa dakika, yaani zaidi ya kilo 37. Ukimpa mpagazi mzigo wa kilo 25, dakika hiyo moja imekula mzigo wa mtu na nusu, na mtu huyo ametembea siku nyingi akihitaji chakula, ambacho nacho kimebebwa na mwenzake.

Tazama Tanga, Novemba 1914. Waingereza waliposhindwa waliacha mamia ya bunduki na risasi takribani 600,000. Hazina kubwa, lakini askari 1,000 wakipiga kwa kipimo kile wangeimaliza kwa dakika 40. Aprili 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikapigwa mizinga na kuzama na bunduki na risasi zake. Shehena iliopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi nyingi zifunguliwe, baruti ianikwe, kisha zifungwe upya. Risasi isiyolipuka humgharimu askari mwendo uleule wa boliti bila mpigo wowote.

Basi ukishika ripoti yoyote ya mapigano ya miaka ile, tafuta kwanza hesabu ya wapagazi na umbali wa ghala, ndipo uulize aina ya bunduki. Katika sura ya kwanza tutaiweka boliti ya Mauser ya 1898 mezani na kuitazama kipande kwa kipande, tukianza na springi yake.