Kabla ya Kuzima Ruta, Soma Anwani

Katika ofisi ndogo, kilio cha "mtandao hakuna" mara nyingi huanza kwa mtu mmoja. Mhasibu anatuma barua pepe bila shida, dada wa mapokezi haoni kitu, na printa iliyochapisha jana leo haionekani. Mtoa huduma wa intaneti angekuwa amekata, wote wangelia. Akilia mmoja, inafaa kuangalia ugawaji wa anwani za IP.

Kazi hiyo hufanywa na DHCP, utaratibu uliochapishwa mwaka 1993 na kuboreshwa na Ralph Droms mwaka 1997. Kabla yake, mara nyingi fundi alilazimika kupita meza kwa meza akiandika anwani kwa mkono. Siku hizi laptopu ikiwashwa hupaza sauti mtandao mzima: nani anagawa anwani hapa? Ruta hujibu kwa kupendekeza moja, laptopu huiomba rasmi, ruta huidhinisha. Anwani yenyewe ni ya kuazima, na muda wake ukifika nusu, laptopu huomba kuongezewa.

Dawa iliyozoeleka ni kuzima ruta na kuiwasha, na ni dawa danganyifu. Ruta nyingi za bei nafuu zikizimwa husahau zilimwazima nani, kwa hiyo nafasi huonekana kupatikana, kisha vifaa viwili vinajikuta na anwani moja.

Afadhali kusoma kwanza. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika ipconfig /all, bonyeza Enter. Anwani ikianza na 169.254, kompyuta iliuliza, haikupata jibu, ikajipachika yenyewe. Kama hali hiyo imempata mmoja tu, kagua waya wake, tundu lake kwenye swichi, au mpangilio wa kadi yake ya mtandao. Ikiwa imewapata wengi, nenda kwenye ruta.

Hapo huenda ikagundulika kwamba anwani zimeisha. Tuseme ruta imepangiwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, yaani 50. Kwa wafanyakazi 12 zinaonekana nyingi, mpaka uhesabu simu zao, kamera, printa na wageni waliopewa nywila ya Wi-Fi jana wakaondoka. Muda wa kuazima ukiwa saa 24, anwani ya mgeni bado imeshikwa ingawa yeye yuko kwake amelala. Tena baadhi ya simu za kisasa hubadilisha kitambulisho chao kila baada ya muda, hivyo simu moja inaweza kuhesabiwa kama mbili. Panua idadi ya anwani, au punguza muda uwe saa chache.

Kisa kingine husumbua zaidi kwa sababu hakina sura ya hitilafu. Mtu ameleta ruta ya zamani ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, akachomeka waya kwenye tundu lolote lililo wazi. Sasa wagawaji ni wawili, na anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Nusu ya ofisi ina anwani za 192.168.1, nusu nyingine za 192.168.0, na printa iko upande mmoja tu. Katika majibu ya ipconfig /all kuna mstari unaotaja seva ya DHCP: humo ndimo imeandikwa anwani ya aliyegawa. Kama si ya ruta yenu, mgeni amepatikana. Asitupwe; DHCP yake izimwe, apewe anwani isiyogongana na nyingine, abaki kusambaza Wi-Fi.

Printa nayo isiandikiwe anwani kwa mkono ndani ya eneo linalogawiwa. Ikizimwa Ijumaa, Jumatatu anwani yake yaweza kuwa kwenye laptopu ya mtu. Ruta nyingi zina sehemu ya kuitengea printa anwani yake ya kudumu. Baada ya marekebisho, andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Kwenye simu inatosha kuzima Wi-Fi na kuiwasha.