Chupa ya Kuyeyusha Damu

Mgeni akibisha hodi kule Mwanjelwa au Kihesa, naye ana chupa ya vidonge ambavyo asema vyayeyusha damu iliyoganda, tutamjibuje? Wazee wetu wenye shinikizo la damu huyapokea maneno hayo kwa tamaa, maana wamechoka kumeza dawa kila siku. Basi tumeona vema kulieleza jambo hili.

Vidonge hivyo huitwa natokinasi. Ni kimeng'enya kitokacho katika nato, chakula cha Wajapani cha soya iliyochachushwa, soya ile ile tuilimayo huku Nyanda za Juu. Kimeng'enya hutenda kama utomvu wa papai bichi juu ya nyama ngumu: huivunja ikalainika. Mwaka 1987 mtaalamu Hiroyuki Sumi na wenzake waliandika ya kuwa natokinasi yayeyusha damu iliyoganda katika vyombo vya maabara.

Lakini chombo cha kioo si mwili wa mtu. Mwaka 2008, huko Korea, watu 86 walijaribiwa kwa majuma 8, na shinikizo la waliomeza natokinasi likashuka kidogo. Mwaka 2021 yakatangazwa majaribio makubwa zaidi ya Marekani, ya watu 265 wasio na ugonjwa wa moyo, kwa miaka 3 hivi. Waliomeza natokinasi na waliomeza vidonge vitupu hawakutofautiana katika mishipa ya shingo wala katika shinikizo.

Tena kuna hatari. Madaktari wamesimulia habari za mgonjwa aliyetumia aspirini pamoja na natokinasi, akavuja damu ubongoni. Mwingine, mwenye vali ya moyo ya kutengenezwa, aliacha warfarini akaitegemea natokinasi. Vali ikazibwa na damu iliyoganda. Nasi twakumbuka mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wako walioacha dawa za hospitali, wakadhurika.

Walimu, ninyi ndinyi mnaoitwa kusoma maandishi ya chupa. Mwambieni mzee asiache dawa yake, bali aichukue chupa ile kwa tabibu kabla ya kumeza hata kidonge kimoja. Atumiaye aspirini au warfarini, au angojaye kupasuliwa, asiiguse pasipo ruhusa. Na soya ya shambani ichemshwe, iliwe kama chakula. Haina haja ya kuitwa dawa.