Plakete mpya, kalipa mbovu

Katika garaji za Himbi, mtaa wa Goma, Land Cruiser ya mfululizo wa 60 haijastaafu. Toyota iliitengeneza katika miaka ya 1980, na wenye nayo husifu injini yake kabla hujawauliza. Breki huzikumbuka siku gari linapovuta upande.

Hapo huagizwa plakete, yaani pedi za breki. Breki za mbele za gari hili ni za diski, na kila kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ina pistoni nne. Ukitoa tairi na kuchomoa pini, pedi zinatoka bila kalipa kufunguliwa. Urahisi huo ndio mtego: pedi mpya zinaingia, ugonjwa unabaki.

Fundi mzuri huzisoma kwanza pedi kuukuu. Zikiwa zimelika sawasawa, abadilishe pedi tu. Moja ikiwa imekwisha na mwenzake bado nene, pistoni imekwama. Goma imekaa juu ya lava, na vumbi lake hukwaruza. Mpira wa kukinga pistoni ukichanika, vumbi na maji ya mvua hupenya, kutu ikashika. Pistoni ikikataa kutoka, gurudumu lake halikamati vizuri. Ikikataa kurudi, diski inachemka.

Mafuta ya breki nayo huzeeka, kwa kuwa hunyonya unyevu. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwenye mteremko wa kutoka Masisi kuja Sake, yakichemka, pedali huzama na gari halisimami.

Kwa hiyo kalipa za mbele zibadilishwe zote mbili, pamoja na pedi za pande zote na mafuta. Kalipa ya mtumba isifungwe kabla ya kuwekewa mipira mipya. Rahisi inavunja upishi. Vumbi la pedi za zamani lisipulizwe kwa kompresa, maana huenda lina asbesto. Lioshwe.

Hewa ikishatolewa kwenye mfumo wa breki, pedali ikanyagwe mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea. Na kabla ya kulipa, omba gurudumu liinuliwe, breki ikanyagwe na kuachiwa, kisha ulizungushe kwa mkono. Likigoma, kazi haijaisha.